Kwenda Posa Katembe kwa Pikipiki za Chakula

Papa Gloria alisema hatutafika hata Stanger. Stanger ni mji ulioko mwendo mfupi tu kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini, tulikokuwa tukiishi, kwa hiyo mnaweza kuona alitupima kwa kipimo gani. Papa Gloria ana duka la simu, na watu wanaokaa pale dukani kwake humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mchungaji.

"Pikipiki za kupelekea watu kuku na chipsi," alisema, "ndizo munataka kuvuka nazo mpaka? Mutarudi juu ya lori, Diploma. Nitakuja kuwapokea na simu mkononi, nipige picha."

Diploma ni mimi. Jina hilo walinipa wao, kwa kejeli, nilipomaliza masomo ya usafirishaji katika chuo cha jioni huku mchana nikisambaza chakula mtaa mzima wa Morningside. Sikulikataa. Ni wangapi kati yao walikuwa nayo? Nilitoka hapa Kasulu na begi moja, nikajisomesha mwenyewe kwa kubeba kuku wa watu, na leo nimerudi nyumbani, nina karakana ya pikipiki na jina langu limeandikwa juu ya mlango. Haya ninayosimulia yalitokea kabla sijarudi, na ninayasimulia kwa sababu hata hapa Kasulu wapo wanaosema niliyasikia kwa wengine.

Sababu ya safari ilikuwa Espoir. Huyu ni kijana wa Uvira, Kongo, tulikuwa tumepanga nyumba moja mtaani Glenwood, vyumba vinavyotazamana, na tulifanya kazi moja. Alikuwa anataka kumwoa Felismina, msusi wa saluni moja ya Sydenham. Felismina ni Mmakonde wa Msumbiji. Watu wake walihama kutoka Mueda, kaskazini kabisa, wakajenga Katembe, ng'ambo ya ghuba ya Maputo. Kwa Wamakonde, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na mjomba wa Felismina alikuwa ametuma neno lake kwa simu. Tulilisikiliza sote, spika ikiwa wazi.

"Mwaka juzi alikuja mtu na gari kubwa," alisema, kwa Kiswahili kinachofanana na cha Mtwara. "Tukampa binti mwingine wa dada yangu. Kumbe gari la kukodi. Suti ya kukodi. Hata yule mzee aliyekuja naye kama baba, wa kukodi. Huyu wenu aje juu ya kitu kinachompa riziki, nikione. Jumamosi, kabla jua halijapita utosini. Akichelewa, asije tena."

Basi. Kitu kilichompa Espoir riziki kilikuwa pikipiki ndogo yenye sanduku la chakula nyuma. Wengine walimshauri atafute msichana wa karibu. Mimi nilimwambia, "Niachie safari. Nimesomea."

Jumapili baada ya ibada tulikutana chumbani kwangu kupanga. Tulikuwa wanne. Wa tatu alikuwa Mzee Nestor, Mrundi wa makamo, mpole, ambaye alikuwa akisambaza chakula tangu kabla yetu sote. Wa nne alikuwa Maman Furaha, mdogo wa mama yake Espoir, mwanamke mwenye mwili na sauti, anayeuza vitenge. Ujumbe wa posa hauendi bila mwanamke, na huko Durban, Espoir hakuwa na mwingine.

"Mimi nitakaa wapi?" aliuliza. "Ndani ya sanduku?"

Mzee Nestor alikwenda nje, akafungua nati za sanduku la pikipiki yake, akarudi nalo mkononi. "Lilipokuwa hili pamekuwa pako, mama," alisema.

Papa Gloria, kwa kuwa moyo wake si mbaya kama mdomo wake, alijitolea kutuazima suti tatu. Maman Furaha alizikataa. "Papa, wewe haukumsikia yule mjomba? Tukienda na suti yako, tumekufa." Tukakubaliana kwamba tutaazima vitu vya barabarani tu, visivyomdanganya mtu: helmeti ya Maman Furaha kutoka kwa Papa Gloria mwenyewe, makoti ya mvua kutoka kwa wasambazaji wenzetu, pampu na vyuma vya kufungulia tairi kutoka kwa fundi wa Overport. Kila aliyetuazima alisema neno. Papa Gloria alisema, "Hii helmeti nimeiaga."

Kazi ya makaratasi niliifanya mimi, na hapa nataka nieleweke, kwa sababu wengi hudhani safari ya pikipiki ni petroli na ujasiri. Pikipiki inayotoka Afrika Kusini kwenda Msumbiji lazima iwe na karatasi ya polisi inayothibitisha kuwa si ya wizi. Lazima iwe na bima ya kutumika Msumbiji, na jina kwenye kadi lazima liwe la anayeiendesha. Pasi zetu zilikuwa za nchi tatu, na aliyehitaji viza nilimfuatilia mimi. Nilipigana na foleni siku mbili, na hakuna karatasi hata moja iliyorudishwa. Mpango wangu ulikuwa huu: Ijumaa tufike Manguzi, mji wa mwisho kabla ya mpaka, tulale hapo, na Jumamosi tuwe wa kwanza geti likifunguliwa.

Ijumaa alfajiri tuliondoka Glenwood taa za barabarani bado zinawaka. Nilitangulia mimi, Espoir katikati, Mzee Nestor na Maman Furaha nyuma. Robot ya mwisho ya mjini, yaani taa ya kuongozea magari, ilikuwa nyekundu na Maman Furaha aliitumia kuomba, kwa sauti, hadi dereva wa taxi jirani yetu akazima redio. Ilipogeuka kijani akasema "Amen, twende," na tukaingia barabara kuu ya kaskazini.

Stanger tulipita jua likichomoza. Niliwaamuru wasimame pembeni, nikapiga picha kibao chenye jina la mji, nikamtumia Papa Gloria. Hakujibu.

Kutoka hapo ni miwa, miwa na miwa, kisha misitu ya mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Pikipiki ndogo barabara kuu huwa kama mbuzi katikati ya ng'ombe. Malori ya miwa na ya magogo yakikupita, upepo wake hukuvuta kwanza, halafu hukusukuma. Niliwafundisha kuachia nafasi, kuinama kidogo na kutoshika breki. Tulikwenda kwa mwendo wa pikipiki iliyo dhaifu kuliko zote, yaani ya Mzee Nestor, ambayo ilibeba wawili. Hiyo ni kanuni ya msafara, na ndiyo iliyotufanya tufike pamoja.

Karibu na Mtubatuba mvua ilitukuta. Kwa msambazaji wa chakula mvua si habari, kwani ndiyo siku watu wanaagiza zaidi. Lakini mkanda unaoshika sanduku la Espoir ulikatika, na ndani ya lile sanduku ndimo vilimokuwa vitenge vya mama zake Felismina na blanketi la mjomba. Tulilifunga kwa mkanda wa suruali yangu. Nusu siku nzima nilishika suruali kila tuliposhuka, na Maman Furaha hakuliacha lipite. "Diploma," aliniambia kwenye kituo cha petroli cha Hluhluwe, "huko chuoni hawakufundisha kubeba kamba?"

Manguzi tulifika jioni, ng'ombe wakirudi nyumbani katikati ya lami. Tulilala kwa mama mmoja Mzulu, MaNgubane, anayekodisha vibanda vya duara nyuma ya nyumba yake. Alitutazama, akatazama masanduku, akaniuliza kwa Kizulu kama huko Msumbiji hawana chakula. Nilimweleza tunakwenda kuposa. Alicheka hadi akaketi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani iliyosokotwa vizuri, akamwambia Espoir, "Hii ni ya mbuzi wangu. Nirudishie." Mkanda wangu ukarudi kiunoni.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wa pili mpakani, si wa kwanza, kwa sababu lori moja la magodoro lililala getini. Upande wa Afrika Kusini walinipa mihuri bila swali. Upande wa Msumbiji ofisa alizunguka pikipiki zetu, akagonga sanduku la Espoir kwa kidole, akauliza tunampelekea nani. Espoir alisema, "Wakwe." Ofisa akawaita wenzake waje kumwona. Walitufungulia sanduku, wakaona vitenge, wakalifunga, na mmoja akamrekebishia Espoir kola ya shati.

Barabara ya kutoka pale hadi Katembe ni lami safi, inapita kwenye hifadhi yenye vibao vya kuonya juu ya tembo. Hatukuona tembo. Tuliona kinyesi chake, kikubwa kama tairi, na Mzee Nestor, ambaye tangu Durban alikuwa hajasema maneno kumi, alisema, "Akitokea, mimi narudi Burundi." Tulipita Salamanga, tukapita Bela Vista, na jua lilikuwa bado halijafika utosini tulipoona bahari, na ng'ambo yake maghorofa ya Maputo. Nilijua tumewahi. Nilimpigia Papa Gloria simu kutoka barabarani nikamsikilizisha honi.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo safari ilipotaka kuharibika.

Tulifika kwenye nyumba, ukuta wa matofali, geti la chuma la buluu. Msambazaji wa chakula akifika kwenye geti anafanya jambo moja tu, maelfu ya mara, hata usingizini. Anasimama bila kuzima injini, bila kuvua helmeti, anapiga honi mara mbili fupi, anatoa simu, anasubiri mtu atoke. Hatukuambiana. Tulifanya hivyo sote watatu, mstari mmoja, tukiwa na makoti ya kuakisi mwanga. Mimi hata nilikwisha kuandika "Nipo getini."

Geti lilifunguliwa kidogo. Akatokea mwanamke mzee mwenye chale za zamani usoni, mikono imelowa, akatutazama mmoja mmoja. Akasema neno la Kireno. Kisha akageuka akapaza sauti kwa Kiswahili kuelekea ndani: "Nani ameagiza chakula? Tangu jana tunapika, wageni wako njiani, halafu mtu anaagiza chakula?"

Sauti kutoka ndani zikajibu kwamba hakuna aliyeagiza.

"Mmekosea nyumba," alituambia, akafunga. Tukasikia komeo.

Nilimtazama Espoir. Ndani ya helmeti uso wake ulikuwa umekwisha. Hotuba yangu ya kufungua posa, niliyoiandaa wiki nzima, ilikuwa imeanza na kumalizika kwa honi. Jua lilikuwa karibu kabisa juu yetu. Nikaanza kuchagua maneno ya kuomba radhi, maneno ya heshima yenye mpangilio.

Maman Furaha hakuchagua. Alishuka, akavua helmeti ya Papa Gloria, akajifunga kitenge vizuri juu ya suruali ya mvua, akagonga geti kwa kiganja. Lilipofunguka tena alipiga goti.

"Mama," alisema, "hatujaleta chakula. Tumeleta mtoto. Na yeye ndiye mwenye njaa."

Mwanamke yule alijifuta mikono. Ndipo akamwona Espoir, aliyekuwa amevua helmeti na kushikilia sanduku kama linaanguka. "Ndiye huyo?" aliuliza. "Mbona hukusema?" Huyo alikuwa Mama Veronika, dada mkubwa wa mama yake Felismina. Felismina mwenyewe alikuwa ametangulia kwa basi siku tatu kabla, na alikuwa chumbani, kwa sababu binti anayeposwa haonekani.

Tulikaribishwa, tukanawa, tukaketi. Mjomba alikuwa mtu mwembamba, fundi wa kuchonga, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilitoa hotuba yangu, na niseme bila aibu kwamba ilikuwa nzuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante, baba," kisha akainuka akatoka kwenda kwenye pikipiki. Tukamfuata.

Alizunguka pikipiki ya Espoir. Aligusa tairi. Alivuta mnyororo, akanusa kidole chake. Alifungua sanduku, akatoa vitenge na blanketi akampa Mama Veronika bila kuvitazama, akaingiza kichwa chote ndani. Lile sanduku lilikuwa na harufu ya mafuta ya kuku ya miaka minne. Akatoa kichwa.

"Kwa siku unabeba sahani ngapi?"

"Inategemea, mjomba. Siku ya mvua ni nyingi."

"Na wewe unakula saa ngapi?"

"Nikimaliza."

Mama Veronika alisogea. "Mwanangu," alisema, "unapita na chakula cha moto cha watu, tumbo tupu, kila siku. Hujawahi kufungua ukala?"

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji, na jibu lilikuwa mdomoni kwangu: kamwe, mama, kijana huyu ni mwaminifu kama mizani. Niliwahi hata kuvuta pumzi. Espoir akanitangulia.

"Mara moja, mama."

Nikamkanyaga mguu. Hakujali.

"Ilikuwa mvua. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilikula chipsi tatu. Nikapanda ngazi, nikamwambia mwenyewe mlangoni, nimekula chipsi zako tatu. Akanishtaki kwa kampuni, wakanifungia kazi wiki nzima."

Kutoka dirishani nilisikia mtu akizuia kicheko, au kilio, sikuweza kujua. Mjomba alifunga sanduku taratibu, akalibonyeza hadi likalia, akasema, "Twende tukale."

Tulikula wali wa nazi, samaki, na majani ya muhogo ambayo wao huyaita matapa, Maman Furaha huyaita sombe, na sisi wa Kasulu twayajua kama kisamvu. Walituuliza habari za njia. Walimwuliza Mzee Nestor habari za Burundi. Habari ya posa hawakuigusa. Jumapili asubuhi, tulipokuwa tunaaga, mjomba alisema tu, "Tumewasikia. Nendeni salama." Nilisubiri aongeze. Hakuongeza.

Mama Veronika alitoka jikoni na sufuria lenye mfuniko, limefungwa kwa kanga, limejaa wali na samaki wa njiani. Akaliweka yeye mwenyewe ndani ya sanduku la Espoir. "Chakula ni chenu," alisema. "Sufuria ni langu. Nalitaka."

Tukiwa njiani kurudi tulisimama Zitundo, kabla ya mpaka, kula, na hapo nikatoa ya moyoni. Nilisema watu wale wametukataa kwa adabu, na tena wametubebesha deni la sufuria, sufuria lenyewe limepinda. Espoir alikuwa anatazama chini. Nikamwambia kama angeniachia mimi nijibu lile swali, tungekuwa tunarudi na jibu.

Maman Furaha aliacha kutafuna. "Diploma," alisema, "mtu ambaye haupendi arudi kwako, unamfungia chakula ndani ya nini?"

"Karatasi," nilisema. "Au mfuko wa plastiki."

"Eh. Sasa kula samaki."

Espoir aliinua uso. Aliliosha lile sufuria mwenyewe, kwa maji yetu ya kunywa, ndani na nje.

Manguzi tulimrudishia MaNgubane kamba yake. Hatukuirudisha mikono mitupu. Tulikuwa tumenunua korosho Bela Vista, na kwetu sote wanne, Uvira, Burundi na Kasulu, kitu cha mtu hakirudi peke yake. Alizila pale pale, akamtupia mbuzi korosho moja.

Durban tulifika Jumatatu jioni, wote, juu ya magurudumu yetu wenyewe. Kesho yake nilizunguka mji kurudisha. Makoti ya mvua yalirudi yamefuliwa. Pampu ilirudi Overport imefungiwa mpira mpya. Helmeti ya Papa Gloria niliipeleka mwisho, saa ambayo duka lake hujaa watu, imejaa korosho hadi pomoni. Aliishika kwa mikono miwili. Alitafuta neno la kusema mbele ya watu wake.

"Hata hazikumwagika," alisema.

"Nimesomea," nilimjibu, na huo ndio utamu niliokuwa nimeusubiri tangu mwanzo. Lakini nilipotoka pale niligundua kwamba furaha yangu haikukamilika, kwa kuwa rafuni kwangu Glenwood lilikuwa bado limekaa sufuria la Mama Veronika, na kati ya wote walioniazima, yeye peke yake hakuwa amepata chake.

Siku ya kumlipa ilifika baada ya Pasaka, na Espoir alitangulia kupiga simu kwamba tunakuja. Tulikwenda wale wale wanne, kwa pikipiki zile zile, na safari hii kamba nilikuwa nayo. Sufuria tulilijaza ndagala, yaani dagaa, wakavu wa Tanganyika, ambao Maman Furaha aliwapata kwa muujiza anaoujua yeye, tukalifunga kwa kanga ile ile, likakaa kwenye sanduku la Espoir. Hapa niseme nilichojifunza: msafara unaweza kuupanga kwa karatasi hadi getini. Kutoka getini kwenda ndani, unaingia na ulichonacho.

Kwa hiyo kona moja kabla ya ile nyumba niliwaamuru wasimame. Tulivua makoti, tukavua helmeti, tukazima injini, tukazisukuma pikipiki kwa miguu kama watu wanaojua adabu. Hakuna aliyepiga honi. Tulikuwa bado hatujagonga geti lilipofunguka. Mama Veronika alikuwa amesimama pale, amevaa kitenge tulichompelekea mara ya kwanza. Alilitazama sanduku, akamtazama Espoir, akageuka akapaza sauti ndani, kwenye ua ambao sasa tuliuona umejaa viti na watu.

"Fungueni milango yote miwili ya geti," alisema. "Ni mimi niliyeagiza."